Mke Mwenzangu wa Silinda Nane

Mimi si fundi. Niseme hilo mapema, maana siku hizi watu wananisimamisha sokoni kuniuliza habari za kabureta, utadhani nimesomea. Nimeuza kabichi na karoti hapa Lushoto tangu nilipoolewa, na ukiniuliza bei ya gunia nitakujibu. Lakini lile gari la marehemu mume wangu, Rashidi, nililiwasha mimi, Mwanaheri, nikiwa nimetoka tu kwenye eda, na mwenye kubisha na abishe.

Gari lenyewe lilikuwa la Kimarekani, milango miwili, injini ya silinda nane, boneti ndefu hata ungeweza kuandaa pilau ya ukoo mzima juu yake. Rashidi alilinunua kwa Mgiriki mmoja wa mashamba ya mkonge aliyekuwa anafunga virago. Ndilo alilokuja nalo kwetu Muheza kuniposa. Baba yangu hakuwa mtu wa kubabaishwa na gari. Alimwambia, "Kijana, binti yangu haiwezi baridi ya huko kwenu. Ukimtaka, utaishi naye hapa." Rashidi akakubali. Harusi ikapita, kisha tukapanda mlima kuja Lushoto kwa siku chache tu, tumsalimu mama yake ambaye alikuwa hajiwezi kitandani.

Kwenye kona za kuingia Soni gari likachemka, likafuka moshi, likazima. Mimi bibi harusi nikafika ukweni nikivutwa kwa kamba na lori la viazi, nimekaa kiti cha mbele na hina zangu, wanawake wa Soni wakinipigia vigelegele vya kejeli. Mjomba wangu aliyetusindikiza alifura kwa hasira. Rashidi, kumtuliza, akaapa mbele yake na mbele yangu: "Wallahi, gari hili likiwaka, siku hiyohiyo namrudisha Mwanaheri kwao, na tutaishi huko." Mjomba akashuka na kiapo hicho akampelekea baba. Baba akaridhika, kwa sababu alijua Rashidi ni mcha Mungu na kiapo chake hakivunji.

Nami nikakaa kungoja gari. Nimengoja mpaka meno yameanza kunitoka.

Usifikiri Rashidi alilitelekeza. Thubutu! Kila siku baada ya sala ya alasiri aliingia gereji, ile ya mawe iliyoungana na uwanja wetu wa nyuma, iliyojengwa zamani na Mhindi mmoja wa malori. Mlango wake mmoja unatokea barabarani, mwingine unatokea jikoni kwangu. Alipiga msasa, alipaka rangi nyekundu, aliishona upya ngozi ya viti, aling'arisha bampa mpaka unajiona pua. Akikosa spea alichonga. Mungu hakutujalia watoto, kwa hiyo hakukuwa na wa kumwita chakula kimepoa isipokuwa mimi. Gari lile nilikuwa naliita mke mwenzangu. "Nenda kwa mke mkubwa," nilikuwa namwambia, "leo ni zamu yake. Tena kila siku ni zamu yake!" Yeye anacheka, anavaa koti lake la baridi, anakwenda.

Nikimuuliza lini tutaondoka, ananichukua mpaka gereji na kuzungusha ufunguo. Starta inalia nye-nye-nye, gari haliwaki. "Unaona? Kimebaki kifaa kimoja tu," anasema, "kinatoka nje." Kisha anaendelea kwa Kishambaa, haraka haraka. Ningejua mapema! Rashidi alihamia Kishambaa kila alipokuwa na jambo la kuficha.

Nilishuka Muheza kwa basi kumzika baba, nikashuka tena kumzika mama. Mara zote mbili nilirudi juu, maana mume wangu yuko juu. Kaka yangu alipofariki nilikuwa nimelazwa hospitali ya Bumbuli, sikuwahi hata kutupa udongo. Wanawe nina namba zao, zote hazipatikani. Lakini nilijiambia, Mwanaheri, kwenu ni kwenu. Siku gari likiwaka utashuka nalo mbele ya macho ya watu, mke wa mtu, siyo na kifurushi kichwani kama aliyeachika. Hilo ndilo nililolitaka, na sikutaka jingine.

Rashidi akafariki asubuhi moja ya ukungu, ametoka msikitini, amekaa kwenye ngazi anavua viatu. Kiatu kimoja kilikuwa bado mguuni.

Wajane wenzangu wanaijua eda. Kwa wasioijua: mke aliyefiwa anakaa ndani miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, hakuna manukato, hakuna wanja, hatoki nje ya nyumba yake, hapigi soga na wanaume wasio maharimu zake. Siku za matanga nyumba ilijaa, sufuria hazitoshi, wanawake wanalala mpaka varandani. Matanga yakaanuliwa, kila mtu akashika njia. Nikabaki na ukungu. Nilikuwa mpweke mpaka nikawa nawasalimia kuku, na wasiponijibu naudhika. Jirani yangu Asha alikuja asubuhi na uji, akaja jioni na mboga, na kati ya uji na mboga hakuna sauti ya mtu. Ilipofika baada ya alasiri masikio yangu yalisimama yenyewe yakisubiri mlio wa spana. Nilikuwa nauchukia mlio ule. Sasa ningetoa chochote niusikie.

Halafu akaja shemeji Sharifu, mdogo wake Rashidi. Alisimama nje ya mlango wa jikoni, mgongo ameugeuza kwa heshima, akaongea na miti.

"Shemeji, sisi ndugu tumekaa. Nyumba ni yako, shamba la bondeni ni lako, hakuna wa kukusumbua. Ila lile gari ni katika urithi wetu. Wapo watu wa chuma chakavu wanatoka Tanga. Siku unayotoka eda watakuja kulikata."

"Kulikata?"

"Gari lisilowaka si gari, shemeji. Ni bati."

"Na likiwaka?"

Akacheka, maskini, hakuwa na nia mbaya. "Likiwaka lichukue. Mafuta nitakujazia mimi mwenyewe."

"Umesema, Sharifu."

"Nimesema."

Alipoondoka nikafungua ule mlango wa jikoni unaotokea gereji. Asha alinikuta huko, akashika kiuno. Je, gereji ni ndani au ni nje? Mjane anaruhusiwa? Jambo likapelekwa kwa mke wa shehe, mke wa shehe akalipeleka kwa mumewe, jibu likarudi: kama havuki mlango wa barabarani, yuko nyumbani kwake. Asha akaniletea jibu hilo pamoja na uji, huku ananicheka. "Haya, kaa eda na mke mwenzio," akasema, "naye amefiwa."

Basi ndivyo nilivyoanza. Sikujua cha kushika. Nilianza na ninachokijua, kufuta vumbi. Halafu nikaona panya wametafuna nyaya, nikasema hizi haziwezi kuwa sawa. Nikampigia simu Anord, fundi wa kule karibu na soko, aliyekuwa rafiki wa marehemu. Yeye ni Mlutheri, lakini mambo yetu anayaelewa. Hakuingia. Alikaa nje barabarani, juu ya jiwe, akaegemea ukuta wa gereji, na mimi ndani, na kati yetu kuna tundu la hewa la kupitisha sauti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Haya, niambie nishike nini."

Tulifanya kazi hivyo, yeye akipiga kelele na mimi nikifanya. "Mama, waya mwekundu!" "Zote ni nyeusi kwa uchafu, wewe!" "Basi zifute!" Nikazifuta. Nikafungua plagi zote nane nikazisugua kwa msasa, nikajua kusafisha kabureta kwa petroli na mswaki wa Rashidi, nikabadilisha mipira ya maji, nikavuja damu vidole. Breki aliniambia nifungue tairi moja moja, nikamsimulia ninachokiona mpaka akaridhika. Alipenyeza spea kwenye tundu, betri tu ndiyo Asha aliibeba kichwani akazunguka nayo mlango wa mbele, huku akiapa kwamba mgongo wake nitauzika mimi. Wapita njia walimwona Anord anagombana na ukuta wakadhani amerukwa akili. Nguo zangu nyeupe za eda zilijaa grisi, na Asha alipozifua alisema huu ndio mwisho wa dunia.

Nakwambia ukweli, zile ndizo saa pekee nilizokuwa nasahau. Anord akiondoka, ninakaa kwenye kiti cha mbele, naweka mkono kwenye usukani, nalia. Nalia halafu namkemea. "Rashidi, kwa nini hukumaliza? Mtu mzima unashindwa na chuma!"

Ikafika siku ya kujaribu. Nikazungusha ufunguo. Nye-nye-nye.

"Mama," Anord akasema nyuma ya ukuta, "fungua kile kifuniko chenye nyaya nyingi. Ndani kuna nini?"

"Kuna kijiti kimesimama katikati."

"Juu yake hakuna kidude cheusi?"

"Hakuna kitu."

"Basi ndicho kile alichokuwa anakisubiri. Inaitwa rota. Ndogo tu, kama kidole gumba, nyeusi, ina kipande cha shaba juu. Bila hiyo moto hauendi kwenye plagi, haliwaki hata ulisukume mpaka Mombo. Mimi nilishamwambia marehemu nitaitafuta Tanga, hata ya gari jingine naweza kuichonga ikakaa. Akakataa. Akasema anataka ya asili."

"Itafute hiyo ya Tanga."

"Nitaulizia, mama. Ila sikuahidi."

Anord akaulizia, Tanga wakasema hamna, Moshi wakasema labda, na ile labda ikawa hapana. Siku za eda zikawa zinayoyoma. Ulikuwa mwezi wa saba, na aliyewahi kukaa Lushoto mwezi wa saba anajua nasema nini. Nguo za Rashidi tulishazigawa baada ya arobaini, kama desturi, isipokuwa lile koti la baridi. Asha alilidai, nikamwambia limeliwa na panya. Nilikuwa nalala nalo. Asubuhi moja baridi ilinizidi, nikalivaa juu ya nguo zangu nyeupe, nikaingia gereji kukaa tu, maana kazi hakuna tena. Nikatia mkono mfukoni kuupasha moto.

Vidole vikagusa kitu. Kidogo, kigumu, laini kwa kushikwashikwa. Nikakitoa. Cheusi. Kipande cha shaba juu.

Sikuhitaji kumwita Anord.

Nilikaa chini sakafuni. Kumbe! Kumbe gari lilikuwa zima miaka yote. Alitoa kile kidude, akakitia mfukoni, akawa anakwenda nacho sokoni, msikitini, mazikoni, mpaka siku ninashuka kumzika baba yangu alikuwa nacho. Kila alipozungusha ufunguo mbele yangu, kilikuwa mfukoni mwake. Kuvunja kiapo hakuweza, anamwogopa Mungu. Basi akahakikisha gari haliwaki. Mcha Mungu wangu!

Nilimtukana. Ndiyo, nilimtukana maiti, ndani ya eda, wakati ninaopaswa kumwombea. Nilisema maneno ambayo Kibondei kinayo na Kiswahili hakina. Nikanyanyuka niende nikaitupe rota chooni, nikafika mlangoni, nikarudi.

Asha aliponiletea uji aliniona macho, ikabidi nimwambie. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka bakuli chini, akaangua kicheko.

"Mwanaume amekuficha ufunguo wa safari miaka yote hiyo ili usiondoke, na wewe unalia? Wangu alibadilisha kitasa ili nisiingie!"

"Asha, si mzaha."

"Sifanyi mzaha. Mama yake alikuwa mgonjwa, shamba liko hapa, ndugu wako hapa. Alijua mkishuka Muheza, hamtarudi. Aliogopa, shoga yangu."

"Angesema!" Nilipiga meza, uji ukamwagika. "Angeniambia, Mwanaheri, nimeshindwa, baki na mimi huku. Angeniomba! Hakuniomba hata siku moja. Yeye upande ule wa ukuta na spana zake, mimi upande huu na sufuria zangu, kila mtu peke yake, kumbe neno moja tu."

"Angekuomba ungekubali?"

Nikachukua kitambaa, nikafuta uji. Mpaka leo ukiniuliza sina jibu, na ndilo linaloniuma, kwamba sitalijua. Ningekataa labda. Labda ningemkubalia, tukazeeka vizuri.

Nikabaki na ile rota. Nikiiweka gari likawaka, nimemuumbua Rashidi mbele ya ndugu zake, kila mtu atajua alikuwa anadanganya. Nisipoiweka, litakatwakatwa, na kurudi kwetu kwa heshima ndiyo basi tena. Nililiwaza hilo kutwa kucha. Mwisho nikasema, kiapo cha maiti ni deni. Aliapa, likiwaka siku hiyohiyo atanirudisha. Yuko kaburini na kiapo shingoni. Kama si mimi wa kumtolea, nani?

Siku ya kutoka eda Asha na wanawake wengine walinijia asubuhi, nikaoga, nikavaa nguo za rangi, tukasoma dua. Lori la watu wa chuma lilikuwa tayari barabarani na mitungi yao ya gesi ya kukatia. Sharifu alikuwa amesimama na wenzake mlangoni mwa gereji. Anord naye alikuwepo, mikono mfukoni, uso umemshuka, kwani hakujua.

"Shemeji, pole na hongera," Sharifu akasema. "Turuhusu tuanze."

"Subiri."

Nikafungua boneti mwenyewe. Nikafungua kile kifuniko, nikatoa rota kifuani nilikoifunga kwenye upindo wa kanga, nikaipachika kwenye kijiti chake. Iliingia bila shida, iko kwake. Anord akaiona. Akanitazama, akaangalia chini. Nikafunga, nikaingia kwenye gari, nikavuta pumzi, nikazungusha.

Jamani! Liliguta. Bati za paa zilitetemeka, vumbi la miaka likatudondokea, kuku walikimbilia kwa jirani, Asha akapiga "Innalillahi!" akakumbatia mlango. Halafu likatulia, likawa linanguruma taratibu, na kiti kilikuwa kinanitikisa chote. Nililia pale kwenye usukani, nikasema, "Rashidi, limewaka. Umesikia? Limewaka."

Sharifu alikuwa amefunika mdomo. "Kaka alisema bado kifaa."

"Kimefika," nikamwambia. Basi. Sikusema zaidi, wala sitasema, ila hapa.

Sharifu akatimiza neno lake, alijaza mafuta yeye mwenyewe, akataka kujua nakwenda wapi na hata chai sijanywa. "Muheza," nikasema. "Kaka yako aliapa ni siku hiyohiyo." Anord alishika usukani, maana mimi kuendesha sijui. Tukashuka. Soni watu walitoka madukani kuangalia. Kona moja baada ya nyingine, breki zikakubali, ukungu tukauacha juu, Mombo ikatupokea na joto lake, tukakamata lami ya Korogwe. Anord alikuwa anacheka peke yake kama mtoto. Mimi nilikuwa napanga nitakachosema nikifika.

Muheza, machungwa yamepangwa barabarani mafungu mafungu. Nilimwelekeza Anord bila kukosea, kulia, kushoto, pita msikiti. Uwanja wa baba ulikuwa palepale. Nyumba imepauliwa upya, ina geti la chuma. Msichana mmoja alikuwa anaosha vyombo, akajifuta mikono, akaja.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hapa si kwa baba yangu, Mzee Hamisi?"

"Hamisi yupi?" Akafikiri. "Labda ni ukoo wa wale waliotuuzia. Walihamia Dar, bibi, siku nyingi. Sisi tunatoka Handeni."

Nikamtajia jina la kaka. Hajui. Nikamtajia mama, mjomba, jirani wa kulia, jirani wa kushoto. Alitikisa kichwa kwa kila jina, kwa upole, amenionea huruma. Kisha akaniletea kiti, akanivutia kivulini, akaniletea maji kwenye glasi juu ya sinia, vile anavyoletewa mgeni. Nilikunywa. Jua la kwetu lilikuwa linanikaba, natoka jasho mpaka machoni, siliwezi tena. Niliangalia ule uwanja nilikocheza na sikuona mahali pa kuweka jicho. Nilimchukia Rashidi pale kuliko siku yoyote. Na nilimtaka, hapohapo, nilimtaka awe amekaa ndani ya lile gari ananingojea.

Anord akatoa kichwa dirishani. "Mama, nizime?"

"Usizime."

Nikarudisha glasi, nikashukuru, nikasimama. Msichana alinisindikiza mpaka kwenye mlango wa gari.

"Bibi, wale wenyewe wakipiga simu, niwaambie amekuja nani?"

Nikafunga mlango, nikashusha kioo.

"Waambie amekuja mke wa Rashidi, wa Lushoto."